Kazi Humfuata Anayejulikana



Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni ya kweli sokoni, kwa kuwa mnunuzi huiona nyanya kwa macho yake na kuibonyeza kwa kidole chake. Lakini kazi yetu sisi wa bandarini haipangwi juu ya meza ya soko. Mtu mwenye mifuko elfu ishirini ya simenti kule Mpulungu hawezi kumbonyeza mpakuzi wa Bujumbura aone kama ni imara. Hawezi kumwona dereva wetu wa winchi, wala karani wetu anayehesabu mizigo. Kati yake na sisi limelala ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 650. Mtu huyo huamua kwa kusikia. Akisikia mema, meli inakuja. Akisikia mabaya, au asiposikia lolote, mzigo unashika njia nyingine, na sisi tunabaki chini ya mwembe tukingojea kuitwa.

Katika toleo hili tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hudhani ni la wakubwa wa ofisini peke yao: namna kampuni ya hapa kwetu inavyopata kazi kwa kujuana na watu wa kazi katika nchi jirani. Sisi tunasema si la wakubwa peke yao. Kujuana huko hujengwa au hubomolewa gatini, kila siku, na mikono yetu wenyewe. Na kampuni inapokosa kazi, wa kwanza kulala na njaa si mkurugenzi. Wa kwanza ni kibarua.

MZIGO UNA HIARI

Nchi yetu haina bahari. Sehemu kubwa ya bidhaa zinazotoka ng'ambo huteremshwa Dar es Salaam, na kutoka huko kuna njia mbili kuu za kufika kwetu. Ya kwanza ni Reli ya Kati, ambayo ilifika Kigoma mwaka 1914. Mzigo husafiri ndani ya behewa zaidi ya kilomita 1,200, hupakiwa melini Kigoma, halafu huvuka maji kwa safari ya chini ya kilomita 200 mpaka gati ya Bujumbura. Ya pili ni barabara. Lori hutoka Dar es Salaam, hupita Kabanga na Kobero, na kufika Bujumbura baada ya kilomita zaidi ya 1,500. Ipo pia njia ya kusini, ya bandari ya Mpulungu nchini Zambia, ambayo hutuletea simenti na bidhaa nyingine nzito kwa meli, bila kupita Dar es Salaam.

Wakati wa ukoloni mzigo haukuwa na hiari. Tarehe 15 Machi 1921 Wabelgiji walitiliana saini na Waingereza, wakapewa sehemu zao wenyewe katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma kwa kodi ya faranga moja tu kwa mwaka. Sehemu hizo ziliitwa Belbase. Bidhaa za Burundi, za Rwanda na za Kongo ya mashariki zilipitia hapo, zikaijua njia yao kama ng'ombe anavyolijua zizi. Siku hizo mfanyakazi wa bandari ya Usumbura hakuuliza kama meli itakuja. Aliuliza itakuja siku gani.

Leo mambo si hivyo. Mwenye mali anachagua. Anaweza kuleta bidhaa zake kwa reli na meli, au kwa lori tangu baharini mpaka mlangoni mwa ghala lake. Tena njia za lori zinaongezeka na kutengenezwa, upande wa Tanzania na upande wetu pia.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Meli moja ya tani 1,000 inabeba shehena ambayo ingehitaji malori zaidi ya 30, yenye tani 30 kila moja. Malori zaidi ya 30 ni madereva zaidi ya 30, matairi mamia, na mazuti mengi mno. Sisi sote tunajua shida ya mafuta ilivyoisumbua nchi yetu kuanzia mwaka 2021. Kwa hesabu hiyo meli ingepaswa kushinda kila siku, hasa kwa mizigo mizito. Basi kwa nini mara nyingi lori ndilo linaloshinda?

MNYORORO WA WATU WANAOJIBU

Tumewauliza wenye mali swali hilo mara nyingi, na jibu lao halitofautiani sana. Lori lina mtu mmoja wa kuulizwa. Dereva ana simu. Ukimpigia atakuambia: niko Dodoma, niko Nyakanazi, nimefika Kobero, deklaranti wangu ameniomba karatasi fulani. Hata kama habari ni mbaya, ni habari.

Mzigo wa ziwani hupita mikono mingi. Kwanza bandari ya Dar es Salaam, halafu behewa la reli, halafu winchi ya Kigoma, halafu meli, halafu gati yetu, halafu forodha ya OBR, halafu ghala, halafu kamyo la mjini. Kila mkono ni mahali ambapo mzigo unaweza kulala. Na mzigo ukilala hakuna anayejibu. Kigoma husema mzigo umekwisha kuondoka. Bujumbura husema haujafika. Meli iko katikati ya maji. Siku za bure za kontena zinakwisha, mwenye kontena anaanza kutoza kwa kila siku inayopita, na mwenye mali anaapa kwamba safari ijayo atachukua lori hata kama ni ghali.

Kwa hiyo yafaa ieleweke wazi. Kitu kinachouzwa na kampuni ya meli, au kampuni ya upakuzi, au ofisi ya deklaranti, si nafasi ndani ya meli peke yake. Kinachouzwa ni mnyororo wa watu wanaojibu. Mwenye mali ana maswali matatu tu. Lini utafika? Ngapi zitafika nzima? Nani nitamwuliza pakitokea tatizo? Kampuni yenye watu wanaojuana Dar es Salaam, Kigoma, Mpulungu, Kalemie na Uvira inaweza kujibu maswali hayo kwa saa moja. Kampuni isiyo nao hujibu kwa kusema, tungoje kidogo. Na kampuni ya "tungoje kidogo" haipewi kazi mara ya pili.

Ndiyo maana tunasema mnyororo huu si wa mkurugenzi peke yake. Anayejua kama mifuko imepasuka ni mpakuzi. Anayejua kama meli imeondoka Kigoma saa kumi alfajiri au saa nane mchana ni baharia. Anayejua kwa nini karatasi imerudishwa ni deklaranti mdogo anayesimama dirishani. Mkurugenzi huletewa habari hizo zikiwa zimepoa.

DAFTARI LILILOFUNGIWA NDANI YA DROO

Tutatoa mfano mmoja tulioushuhudia hapa mjini. Hatutaitaja kampuni hiyo, kwa kuwa shabaha yetu ni kujifunza, si kumwaibisha mtu.

Kampuni hiyo ilikuwa na kazi nzuri ya kupokea simenti kutoka kusini mwa ziwa. Mwenyewe alikuwa mtu hodari. Alimjua wakala wa kule, alimjua mwenye ghala, aliwajua manahodha. Majina yote yalikuwa katika daftari lake, na daftari lilikaa ndani ya droo iliyofungwa kwa ufunguo. Aliogopa kwamba karani wake akiyajua majina hayo atakwenda kufungua ofisi yake mwenyewe. Siku mwenyewe alipougua na kulazwa muda mrefu, simu zikaja, hakuna aliyeweza kujibu. Karani hakujua wakala anaitwa nani. Msimamizi wa gati hakujua meli inayofuata ni ipi. Wenye mali wakangoja wiki ya kwanza, wakangoja ya pili, halafu wakaondoka. Mwenyewe alipopona akakuta ofisi ipo, samani zipo, lakini kazi haipo. Vibarua waliokuwa wakilishwa na meli zile wakatawanyika, wengine wakarudi milimani kulima.

Fundisho lake ni hili. Kujuana kunakokaa kichwani mwa mtu mmoja ni mali ya mtu mmoja, na mtu mmoja huugua, husafiri, hufa. Kujuana kunakokaa katika kazi yenyewe, karani kwa karani, baharia kwa baharia, fundi kwa fundi, hakuugui siku moja kwa wote.

MELI INAYORUDI TUPU

Kuna sababu nyingine inayotulazimisha kujuana na watu wa bandari za mbali. Nchi yetu huagiza vitu vizito: simenti, mafuta, ngano, chuma, mbolea. Vitu tunavyouza nje, kama kahawa na chai, ni vyema na vina bei, lakini uzito wake ni mdogo. Maana yake ni kwamba meli huja Bujumbura imeinama kwa uzito na kurudi ikiwa nyepesi. Safari ya kurudi inakula mazuti yale yale, mishahara ile ile. Nani anailipia? Analipia mwenye simenti, ndani ya bei ya kuja. Na bei ikipanda, lori linacheka.

Dawa ya ugonjwa huo ni kupata mzigo wa kurudia. Upande wa Kongo, katika bandari za mwambao wa magharibi, wanahitaji bidhaa za viwandani. Upande wa Zambia na Tanzania wapo wafanyabiashara wanaohitaji kupeleka kitu kutoka bandari moja mpaka nyingine, bila hata kugusa Bujumbura, kama vile kutoka Kigoma kwenda Kalemie. Lakini mzigo wa namna hiyo hautangazwi gazetini. Unajulikana na mtu wa ghala la huko kabla ya kujulikana na mtu mwingine yeyote. Ikiwa mtu huyo anamjua karani wetu, atampigia simu: ninyi meli yenu iko wapi, hapa pana tani mia mbili zinangoja. Simu hiyo moja ni siku kadhaa za kazi kwa watu wengi.

TAZAMENI MAFUNDI WA BUYENZI

Wengine watasema: hayo ni mambo makubwa, sisi hatukusoma. Tunawajibu: nendeni Buyenzi. Pale katika zile avenyu zake wamo mafundi wa magari ambao wengi hawana kibao mlangoni wala barua yenye nembo. Hata hivyo gari lililoharibika huletwa kwao kutoka mikoani na hata kutoka upande wa pili wa mpaka. Kwa nini? Kwa sababu dereva mmoja alimwambia mwenzake. Na fundi mwenyewe, akikosa kifaa, anajua ni nani kwenye duka la pili anacho, na kama hapa hakipo, anajua wa kumwuliza Kigoma au Dar es Salaam. Fundi wa injini humpelekea kazi fundi wa umeme, na fundi wa umeme humrudishia fadhila kesho. Hakuna aliyewafundisha darasani. Hata hivyo wao wamekwisha kuuelewa ukweli ambao makampuni makubwa hulipa pesa nyingi kuufundishwa: ukimpelekea mwenzako kazi unayoijua si yako, siku moja yeye atakuletea iliyo yako.

Wala jambo hili si geni kwa wazee wetu wa mwambao. Kabla Wazungu hawajafika, chumvi ya Uvinza ilisafiri mbali, ikivuka ziwa na kupanda milima. Msafiri alifikaje salama katika nchi ya watu asiowajua? Katika nchi hizi wengi walichanjiana, wakawa ndugu wa damu, na mtu akawa na nyumba ya kufikia, tena mtu wa kumdhamini mbele ya wenyeji. Siku hizi hatuchanjiani, lakini haja ni ile ile: kuwa na mtu ng'ambo ya maji atakayesema, huyu namjua, kazi yake ni safi.

KUJUANA KWA AINA MBILI

Hapa lazima tuseme ukweli bila kuficha. Neno kujuana limechafuka katika miji yetu. Mfanyakazi akisikia "kazi ile aliipata kwa kujuana", anafahamu kwamba mwingine aliyestahili zaidi ameachwa nje. Yafaa tutenganishe mambo mawili.

Kujuana kwa mlango wa nyuma ni pale mtu anapopewa kazi kwa sababu ya ukoo, kabila, kijiji au bahasha. Hakumwulizi mtu kama anaweza kuendesha winchi. Kunauliza wewe ni mtoto wa nani. Kujuana huko huleta ajali gatini, kwa sababu winchi haijui wewe ni mtoto wa nani. Tena kampuni iliyopata zabuni kwa bahasha italazimika kuirudisha pesa hiyo mahali fulani, na mahali pa karibu kuliko pote ni ujira wa kibarua. Kila hongo inayotolewa juu hukatwa chini.

Kujuana kwa kazi ni tofauti. Ni pale mtu anapokutaja kwa sababu ameiona kazi yako, na anaweza kuitaja mbele ya wote bila aibu. Kipimo chake ni rahisi: je, sababu ya kukutaja inaweza kuandikwa kwenye karatasi na kusomwa mkutanoni? Kama inaweza, hiyo ni sifa. Kama haiwezi, hiyo ni njama.

Chama chetu kinaunga mkono ya pili kwa nguvu zote, na kinapinga ya kwanza kwa nguvu zizo hizo.

WAFANYAKAZI WALITANGULIA

Wafanyakazi wa bandari hatuna haja ya kujifunza jambo hili kutoka kwa matajiri. Sisi tulitangulia. Mwaka 1896, mjini London, viongozi wa mabaharia na wapakuzi waliungana kuvuka mipaka ya nchi zao, na kutokana na umoja huo likakua Shirikisho la Kimataifa la Wafanyakazi wa Usafirishaji, ITF, ambalo lipo mpaka leo. Walikwisha kuona kwamba bandari moja ikigoma na ya pili ikipokea meli zile zile, mgomo ni bure.

Karibu na kwetu, Septemba 1947, wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma kudai ujira. Habari ikapanda garimoshi. Mgomo ukasambaa kwa njia ya reli mpaka miji ya bara. Hapakuwa na simu za mkononi. Palikuwa na watu wa kazi waliojuana stesheni kwa stesheni.

Njia hiyo hiyo iliyobeba habari ya mgomo inaweza kubeba habari ya kazi. Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Afrika Mashariki, EATUC, limekuwapo tangu 1988 na makao yake yako Arusha. Nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nayo iliingia mwaka 2022. Kwa hiyo katika nchi nne zenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, tatu zimo katika Jumuiya moja, na ya nne, Zambia, tuko nayo pamoja katika COMESA. Karatasi za viongozi zipo. Kinachopungua ni watu wa kuzitembeza.

Na sisi tuna silaha moja ambayo wakubwa wa ofisini mara nyingi hawaioni. Ofisi za Bujumbura huandika Kifaransa. Ofisi za Mpulungu huandika Kiingereza. Barua hukwama ikitafutwa mfasiri. Lakini baharia wa Bujumbura, winchi wa Kigoma na mpakuzi wa Kalemie huzungumza Kiswahili, na Mpulungu nako hukosi wa kukujibu kwa lugha hiyo. Kiswahili ni hati isiyohitaji mhuri. Tuitumie kutafuta kazi, si kwa salamu tu.

ZIWA LIMEKWISHA KUFUNGWA MARA MOJA

Vijana wengi hawakumbuki vikwazo. Tarehe 31 Julai 1996, baada ya mapinduzi ya mwezi huo, viongozi wa nchi jirani walikutana Arusha wakaamua kuifungia nchi yetu biashara. Vikwazo hivyo vilisimamishwa Januari 1999. Bandari yetu ilikaa kimya. Winchi zilikula kutu, watu walikula walichokuwa nacho, halafu wakauza walichokuwa nacho.

Wazee wa bandarini husimulia kwamba njia ilipofunguliwa tena, waliopata mizigo ya kwanza hawakuwa wenye ofisi kubwa zaidi. Walikuwa wale ambao katika kipindi chote kile hawakuacha kuulizana hali na wenzao wa ng'ambo. Uhusiano haukulipa kitu kwa muda ule wote, lakini ulikuwa hai. Mbegu iliyowekwa juu ya moshi haiozi.

Tangu hapo tumeona mengine. Maji ya ziwa yalipanda katika miaka ya 2020 hadi 2024, yakaingia Gatumba na sehemu za mwambao wa mji wetu. Vita vya Kongo ya mashariki mwaka 2025 vilitingisha biashara ya upande ule. Kila mara njia moja inapofungwa, anayejuana na watu wa njia nyingine ndiye anayeendelea kula.

RELI INAKUJA

Sasa kuna jambo ambalo kila mfanyakazi wa bandari anapaswa kulifikiri usiku. Serikali za Tanzania na Burundi zimeamua kujenga reli mpya kutoka Uvinza mpaka Musongati, zaidi ya kilomita 200, na Januari 2025 mkataba wa ujenzi ulitiwa saini. Treni itakapofika Musongati, mzigo kutoka Dar es Salaam utaweza kuingia Burundi bila kugusa maji.

Hatusemi reli ni adui. Nchi maskini isiyo na bahari haiwezi kukataa reli. Tunasema reli itatukuta tukiwa watu wa namna mbili. Ikitukuta tunamngoja mwenye mali aje mwenyewe kama zamani za Belbase, tutakwisha. Ikitukuta tunajulikana Mpulungu, Kalemie, Uvira na Kigoma kama bandari inayohesabu vizuri, inayopakua upesi na inayojibu simu, basi mizigo ya kusini na ya magharibi itakuwa yetu, na hata reli yenyewe itatuhitaji kupeleka bidhaa upande wa Kongo. Kazi hiyo haianzi siku ya treni ya kwanza. Inaanza sasa.

LA KUFANYA

Tunapendekeza mambo yafuatayo. Kamati za kazi zianze kuyazungumza na waajiri.

Kwanza, daftari litoke ndani ya droo. Kila kampuni iwe na orodha ya watu wa kazi katika kila bandari: jina, kazi yake, simu yake, na jambo alilotusaidia. Nakala ikae ofisini, na msimamizi wa gati awe nayo.

Pili, habari itumwe siku ile ile. Meli ikitia nanga, karani apeleke ujumbe kwa simu ng'ambo ya pili: imefika saa fulani, mifuko kiasi fulani mizima, kiasi fulani imepasuka. Tusifiche mifuko iliyopasuka. Anayetaja hasara yake mwenyewe ndiye huaminiwa anapotaja faida.

Tatu, kila mwenye ujuzi awe na karatasi. Dereva wa winchi aliyefanya kazi miaka kumi bila cheti hawezi kutajwa katika zabuni. Mwajiri aandike barua ya kazi, na chama kidai watu wapelekwe kupimwa.

Nne, tutembeleane. Msimamizi mmoja na mpakuzi mmoja waende Kigoma siku tatu, wa Kigoma waje kwetu. Sauti ya kwenye simu huwa nyepesi mpaka umekula na mwenyewe ugali na ndagala.

Tano, wadogo waungane. Zabuni ya mzigo mkubwa hushinda nguvu za kampuni moja yenye kamyo mbili na ghala moja. Kampuni tatu zikiandikiana mkataba ulio wazi, wa nani atafanya nini na nani atalipwa nini, zinaweza kuomba kazi ambayo kila moja peke yake isingethubutu kuiangalia.

NA FAIDA IGAWANYWE

Mwisho, tunasema na waajiri kwa heshima. Mnatutaka tuwe majina mazuri ya kampuni zenu ng'ambo ya maji. Tuko tayari. Lakini mtu anayeitwa asubuhi na kufukuzwa jioni hana sababu ya kulinda jina la mtu. Zabuni ikipatikana, wanaoitekeleza wawe na mkataba wa maandishi, waandikishwe INSS, wapewe glavu na viatu vya kazi, na uzito wa mfuko wanaobebeshwa uwe wa kubebwa na binadamu.

Tena tunawaonya wenzetu. Msikubali kujuana huku kutumiwe kutugombanisha. Mwajiri akisema, huko Uvira wanapakua kwa bei ya chini kuliko ninyi, tuwe na mtu Uvira wa kumwuliza kama ni kweli. Mara nyingi tutakuta yeye naye ameambiwa maneno hayo hayo juu yetu. Mnyororo unaoleta meli ndio huo huo unaolinda ujira, na anayeushika upande mmoja tu ameshika kamba isiyofungwa popote.

Kamati ya gati itakutana juu ya mambo haya. Kila mmoja aje na jina moja la mtu wa kazi anayemjua ng'ambo ya ziwa, liandikwe kwenye orodha. Tukiwa mia moja, tutaondoka mkutanoni na majina mia moja ambayo leo yamelala ndani ya simu zetu bila kufanya kazi.